Sauti Niliyoifuta

Kwa muda wa miaka thelathini na mitano kazi yangu ilikuwa kusahihisha. Nilisahihisha madaftari ya watoto, kisha maandalio ya masomo ya walimu wanafunzi, na nilipokuwa mkuu wa chuo nikasahihisha hata barua za wenzangu kabla hazijatiwa katika bahasha. Wino mwekundu ulikuwa kama sehemu ya mkono wangu. Kazi hiyo siijutii, maana asiyesahihishwa hakui. Lakini liko kosa moja nililolitenda kwa jina la kusahihisha, nalo sikulitenda kwa kalamu bali kwa mashine. Nimekaa nalo kimya miaka mingi. Nalieleza hapa, si kwa kutafuta huruma ya msomaji, bali kwa sababu linazaa swali ambalo watu wa siku hizi hatuna budi kujiuliza: je, tunayo haki ya kuitengeneza sauti ya mtu mwingine?

Mashine yenyewe ninayo mpaka leo. Ni projekta ya sinema za nyumbani, ya filamu za milimita 8, ukubwa wake kama cherehani ya mkono. Aliniachia mkufunzi mmoja mgeni, aliyemaliza mkataba wake chuoni kwetu akarudi kwao Ulaya mwaka 1980, pamoja na maboksi sita ya filamu alizopiga kwa mkono wake. Vijana wengi hawajapata kuiona mashine ya namna hii ikifanya kazi, kwa hiyo yafaa niieleze kidogo.

Filamu za Super 8 zilianza kuuzwa na Kodak mwaka 1965, nazo zilikuwa bubu. Mwaka 1973 zikatoka zenye sauti. Pembezoni mwa filamu ulipakwa ukanda mwembamba wa sumaku, wa rangi ya kahawia, wa jinsi ileile ya utepe wa kaseti, na kamera ilipopiga picha ikanasa na sauti papo hapo. Kasha moja lilikuwa na filamu ya futi 50, yaani kama mita 15. Kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde, hizo zilikuwa dakika tatu na sekunde ishirini tu. Fikiri, ndugu msomaji, jinsi mtu alivyochagua kwa uangalifu la kupiga na la kuacha, akijua kwamba ana dakika tatu na kwamba filamu hiyo itasafiri mpaka ng'ambo kwenda kusafishwa.

Lakini sifa ya ajabu zaidi ilikuwa katika projekta. Mashine hii haikuwa ya kuonyesha tu. Iliweza pia kunasa. Ubavuni ina tundu la kuchomeka maikrofoni, na juu yake kitufe chekundu. Ukikibonyeza filamu ikiwa inapita, kichwa kimoja cha sumaku hufuta sauti ya zamani, na kichwa kinachofuata huandika sauti mpya mahali palepale. Picha haiguswi hata kidogo. Yule uliyempiga picha hucheka vilevile, hunyanyua mkono vilevile, mdomo wake hufunguka na kufunga vilevile. Ila kinachosikika ni kile ulichokitaka wewe. Jambo hili lilikuwa na manufaa yake. Mtu mwenye filamu bubu ya arusi ya wazazi wake aliweza kuipakisha ukanda wa sumaku na kuitilia maelezo, na hapo wajukuu wakajua nani ni nani. Chombo hakina dhambi. Dhambi huingia pale mkono unapokishika.

Sasa nieleze yaliyotokea mwaka 1978. Nilikuwa mkufunzi kijana wa miaka 28. Azimio la Musoma lilikuwa limepitishwa mwaka 1974, na kuanzia 1977 nchi nzima ilikuwa mbioni kutekeleza elimu ya msingi kwa wote, ile tuliyozoea kuiita UPE. Walimu walitakiwa kwa maelfu, tena upesi. Chuoni kwetu tulihangaika jinsi ya kuwaonyesha vijana wengi kwa mara moja somo zuri linavyofundishwa, maana darasa la watoto haliwezi kuingiza watazamaji mia mbili. Yule mkufunzi mgeni akasema, tupige filamu ya somo la mfano. Tukamwomba mwalimu mkongwe wa shule yetu ya mazoezi, mtu aliyefundisha darasa la kwanza tangu zamani za Waingereza. Jina lake nalihifadhi. Sisi sote tulikuwa tukimwita Mzee. Alikuwa mzaliwa wa Mara, mrefu, mwenye kikohozi cha daima, na katika kufundisha watoto kusoma sijamwona mfano wake.

Filamu ilirudi baada ya miezi miwili. Tulifunga dirisha kwa mablanketi, tukaning'iniza shuka jeupe ukutani, tukaitazama. Picha zilikuwa safi ajabu. Sauti ndiyo iliyonitia aibu. Kulikuwa na kuku waliowika nje, mtoto aliyelia, upepo uliogonga bati, na kikohozi cha Mzee. Zaidi ya yote kulikuwa na lafudhi yake. Mzee hakuwa na herufi l kinywani. Alisema "kurara" badala ya kulala, na "porepore" badala ya polepole. Darasani tulikuwa tumeizoea hata hatuisikii. Lakini ikitoka katika spika ya mashine ilionekana kubwa. Nami ndiye niliyekuwa mkufunzi wa Kiswahili. Nilijiuliza: wageni wa kutoka makao makuu watakaokuja mwezi ujao watasemaje wakisikia kwamba hiki ndicho Kiswahili tunachowaonyesha walimu wetu?

Nikatoa shauri kwamba nitie maelezo mapya. Mkufunzi mgeni alisita. Aliniuliza kama Mzee mwenyewe ameulizwa. Nikamjibu, Mzee atafurahi. Naomba msomaji alishike jibu hilo, kwa maana ndani yake limo kosa lote. Sikusema kwamba amekubali. Nilisema atafurahi.

Tulinasa usiku, kuku wakiwa wamelala. Projekta hupiga kelele kama mvua juu ya majani makavu, kwa hiyo nilikaa chumba cha pili na maikrofoni yenye waya mrefu, nikitazama picha kupitia kioo cha mlango. Karatasi yangu ilikuwa imeandikwa vizuri. Mara ya kwanza nilichelewa kubonyeza kitufe, kisha nikaona si neno, nikaendelea. Nilisema kwa sauti niliyoiazima kwa watangazaji wa redio: "Huu ni mfano wa somo la kusoma, darasa la kwanza. Angalia jinsi mwalimu anavyowaamsha wanafunzi ari ya kujifunza." Na kadhalika, mpaka mwisho wa filamu.

Wageni walipiga makofi. Mzee alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Walipotoka watu, alinijia akanishika mkono akasema, "Mwalimu, umesema vizuri. Hata mimi nimejifunza." Nililala usingizi mzuri siku ile. Kwa miaka mingi niliyahesabu maneno hayo kuwa sifa. Leo siwezi kuyasikia masikioni mwangu bila kujiuliza kama yalikuwa sifa, au yalikuwa upole wa mtu aliyekwisha kuona kwamba kijana huyu hataelewa.

Mzee alifariki mwaka 1986. Miaka ikapita. Mwaka 2019 alinijia nyumbani mama mmoja wa makamo, muuguzi mstaafu, pamoja na mwanawe anayesoma chuo kikuu. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za watu waliotangulia mbele ya haki, akanieleza haja yake. Alikuwa binti wa mwisho wa Mzee. Alisikia kwa mwanafunzi wangu mmoja wa zamani kwamba ninayo filamu ya baba yake. Picha za baba wanazo mbili, akasema, lakini ndugu zake wote wakubwa wameanza kuisahau sauti yake, na wajukuu hawakupata kuisikia kamwe. "Mwalimu," aliniambia, "tumekuja tumsikie baba."

Msomaji ataelewa hali niliyokuwa nayo. Ningeweza kusema mashine imeharibika, na kwa kweli siku hiyo ilikuwa imeharibika, kwa sababu mkanda wake wa mpira ulikuwa umelegea na kunata kama ubani uliotafunwa. Fundi wa radio wa mtaani aliutengenezea mwingine kwa siku mbili. Siku hizo mbili nilikuwa na nafasi ya kuwaeleza ukweli kabla. Sikuwaeleza. Nilitumaini, kwa ujinga wa mzee, kwamba labda sumaku husahau kufuta.

Tukafunga dirisha, tukaning'iniza shuka. Mzee akatokea ukutani, kijana kuliko mimi nilivyo sasa, chaki mkononi. Akafungua mdomo. Kwa kuwa nilichelewa kubonyeza kitufe mwaka ule wa 1978, sekunde chache za mwanzo zilikuwa zimesalimika. Wakamsikia akisema: "Haya, wanangu, reo tutasoma porepore. Asiye..." Hapo ikaingia sauti yangu: "Huu ni mfano wa somo la kusoma, darasa la kwanza."

Filamu ilikwenda mpaka mwisho, nasi tukitazama mdomo wa Mzee ukisema mambo ambayo hakuna atakayeyajua, huku mimi nikimfafanua. Yule mama hakulia. Alisema tu, "Rudisha mwanzo, Mwalimu." Nikarudisha. Akasikiliza "wanangu" na "porepore" mara tatu, na mara ya tatu alitabasamu. Ndipo nikawaeleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa.

Yafuatayo ni mambo niliyoyatafakari tangu siku ile.

Jambo la kwanza ni nia. Mtu aweza kunitetea kwamba nia yangu ilikuwa njema, na kwamba maana ya somo haikupotea, bali ilielezwa vizuri zaidi. Utetezi huo nilikuwa nikiutumia mwenyewe. Lakini unachanganya maneno na sauti. Maneno ni ya lugha, ni mali ya wote. Sauti ni ya mtu. Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na hotuba zake zimechapishwa vitabuni, kila atakaye aweza kuzisoma. Hata hivyo redio zetu huendelea kutupigia sauti yake mwenyewe, pamoja na vicheko vyake na vituo vyake. Hebu fikiri mtangazaji hodari azisome upya hotuba zile kwa ufasaha, kisha ile sauti ya asili ifutwe kwa kuwa haina kazi tena. Nani angekubali? Basi kama haifai kumtendea hivyo mkubwa, haifai kumtendea hivyo mwalimu wa darasa la kwanza. Tofauti ni kwamba mkubwa ana wa kumtetea.

Jambo la pili ni kwamba kosa langu lilikuwa na mababu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliotengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Picha zilipigwa bila sauti. Sauti zilitiwa kando, katika santuri, kwa lugha mbalimbali, na lori likazunguka nazo Tanganyika na nchi za jirani. Kwa kueleza ugonjwa wa safura njia hiyo ilifaa, wala silaumu. Ila yule mkulima aliyeonekana katika picha alipewa sauti na wengine. Aliyoyasema yeye siku ile ya kupigwa picha hayakunaswa. Mimi nilizaliwa baada ya hapo, nikasoma historia ya ukoloni, nikaifundisha. Nilipopewa maikrofoni nikafanya vivyo hivyo, tena vibaya zaidi, kwa sababu wale hawakuwa na sauti ya kufuta, nami nilikuwa nayo.

Jambo la tatu, nalo ndilo lililonigusa zaidi kwa kuwa ni la taaluma yangu, ni maana ya kusahihisha. Maisha yangu yote niliwafundisha walimu wanafunzi kwamba ukimsahihisha mtoto usimfutie. Weka alama, andika kando lililo sahihi, lakini andiko la mtoto libaki pale alipoliandika. Kwa nini? Kwanza, ili mtoto aone alikotoka. Pili, na watu husahau hili, ili mwalimu naye aweze kusahihishwa, maana huenda mtoto ndiye aliyekuwa sawa. Wino mwekundu huandika kando. Mashine ile hufuta kwanza, ndipo huandika. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumsahihisha mtu na kumwondoa. Laiti ningesimama mbele ya watazamaji wangu siku ile na kuwaeleza kwa kinywa changu, filamu ikiendelea na kuku wake na kikohozi chake, ningetimiza haja yote niliyokuwa nayo, na Mzee angebaki.

Kwa hiyo silaumu kila sauti inayowekwa juu ya nyingine. Mkalimani husema badala ya mgeni, na sote twajua kuwa ni mkalimani. Mgonjwa aliyepoteza sauti yake aweza kusemewa na chombo kwa hiari yake mwenyewe. Kipimo naona ni maswali matatu mepesi: Mwenyewe amekubali? Wasikilizaji wanajua? Ya asili imehifadhiwa? Mimi mwaka 1978 nilishindwa maswali yote matatu, nikapigiwa makofi.

Sasa lipo jambo la nne, ambalo hatukuliota zamani zile. Yule kijana, mjukuu wa Mzee, alikuwa ametulia kimya muda wote. Mwaka juzi alinijia tena na mama yake, akaniambia kwa heshima, "Babu, siku hizi kompyuta ikipewa sekunde chache tu za sauti ya mtu, inaweza kuiiga. Tunaweza kumfanya Babu Mzee aseme somo lote. Tunaweza hata kuimalizia ile sentensi yake." Alisema kwa upendo, machoni nilimwona. Nami nakiri kwamba moyo wangu uliruka. Hapa palikuwa na njia ya kulifuta kosa langu. Nilikuwa tayari hata kulipa gharama.

Ni binti yake aliyetuzuia. Alisema, "Mwanangu, huyo atakayesema hatakuwa baba. Atakuwa Mwalimu mwingine." Alipogundua alichosema aliniomba radhi, lakini sikuona la kusamehe. Alikuwa amesema kweli. Mimi nilimnyang'anya Mzee maneno aliyoyasema. Sasa tulitaka kumpa maneno asiyoyasema. Katika mambo yote mawili Mzee ni picha ukutani inayofungua na kufumba mdomo, na wengine ndio wanaonena. Uongo unaofanywa kwa mapenzi huwa mgumu kuukataa kuliko ule unaofanywa kwa kiburi, lakini ni uongo vilevile. Kilichopotea kina haki yake: haki ya kujulikana kuwa kimepotea.

Hata hivi leo familia ile haijakubaliana Mzee alitaka kusema nini baada ya "Asiye". Binti anasema ni "Asiyejua asione haya," maana nyumbani alikuwa akisema hivyo. Kaka yake anasema ni "Asiyesikia asogee mbele." Mimi nilikuwamo darasani siku ile, nimesimama nyuma ya kamera, wala sikumbuki. Nilikuwa nikisikiliza lafudhi.

Filamu yenyewe imeanza kutoa harufu ya siki. Ndivyo zinavyokufa filamu za asetati, hasa zikiwekwa mahali penye joto na unyevu. Kwa hiyo tuliipeleka studio moja mjini ikanakiliwa, picha na sauti, kabla haijakakamaa. Fundi aliuliza kama tunataka ile sauti yangu iondolewe ili nakala ibaki na sekunde za Mzee na baada yake kimya. Niliona ni haki, nikataka kusema ndiyo. Yule mama akasema, "Iache, Mwalimu. Hata hilo lilitokea." Basi imeachwa. Watakaokuja watamsikia Mzee, kisha watanisikia mimi nikimkatiza, na waraka nilioutia sahihi unaoeleza kwa nini umewekwa pamoja na nakala ile.

Nina neno moja kwa msomaji mwenye wazee nyumbani. Siku hizi huhitaji filamu ya dakika tatu wala kusubiri miezi miwili. Simu iliyo mfukoni mwako inatosha. Mkae, muwaombe ruhusa, muwanase. Akikohoa, muache akohoe. Akisema "porepore", usimrekebishe. Kuku wakiwika, waache wawike. Ni kuku wa nyumbani kwake.